Usinitafute Kwenye Kona ya Mwisho

Kwako Nyamizi, mwenye jina la mama yangu,

Tangu alasiri umenipitia barazani mara kadhaa, na kila mara umenitazama usoni kabla ya kufungua kinywa, kama mtu anayechungulia kisima kabla ya kuteremsha ndoo. Ndiyo sababu naandika badala ya kukuita tuzungumze. Karatasi haina nyusi.

Habari za kufunga dirisha la behewa treni ikisimama, za kutonunua nyama ya njiani, za kufua soksi kabla jirani hajalalamika, mama yako amekwisha kuzimaliza, tena kwa ufasaha ambao nisingeufikia. Hivi sasa anapiga pasi sketi yako ya bluu, na kila anapopuliza majivu ya mkaa ananiuliza naandika nini. Nimemjibu kwamba naandika hoja. Amesema, "Basi mtoto atachelewa treni."

Hoja yenyewe ni hii. Kesho stesheni nitakuwapo, lakini hutauona uso wangu. Sanduku nitalibeba mimi, nikitembea nyuma yako. Nyuma yako ndiko nitakakosimama. Ukishapanda, nitajiweka mahali ambapo dirisha lako halifiki. Usidhani nimekasirika, wala usidhani, kama ulivyodhani Bukene, kwamba kuna jambo baya ninalolijua nikakuficha. Barua hii nitaitia ndani ya raba zako ili uisome asubuhi, kabla ya kufunga sanduku, na uwe na muda wa kunibishia moyoni njia nzima hadi stesheni.

Nianze na Mwalimu Kapela, kwa kuwa ubishi wote huu ulianzia kwake. Alipokuchagua kwa ajili ya riadha mwaka jana, baada ya kukuona ukimkimbiza mbuzi wa jirani, sikufurahi. Nilishuku. Mtu mzima anayezunguka mitaani akitafuta watoto wenye miguu mirefu, tena kwa jina la taifa, lazima aulizwe maswali. Nilikuja kiwanjani kumchunguza, nikakuta ajabu ya kwanza: nyinyi wanagenzi hamkimbii. Mmepangwa karibu na utepe, mmeketi chini, mnatazama wakubwa wanaomaliza mbio. Naye anapita nyuma yenu akisema, "Nyuso! Tazameni nyuso! Miguu mtaitazama baadaye."

Niliwaza mambo mawili. La kwanza, kwamba mtu huyu hajui kufundisha, anapoteza muda hadi jua lizame. La pili, kwamba anawapandikizia vichwani ushindi wa Zuhura, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo, ambaye wakati ule ndiye aliyekuwa akikata utepe kila jioni. Wazo la pili nililipenda zaidi, maana lilikuwa na hila ndani yake, na mimi huamini hila haraka kuliko ujinga.

"Mwalimu Kapela," nikamwambia, mbele yenu wote, "watoto hawa wamekuja kukimbia au kutazama sinema?"

"Wamekuja kujua mwisho wa mbio unafananaje."

"Na yule anayelia pale, aliyeshika ubavu, naye ni somo?"

"Naye ni somo. Wauone uchungu wa kushindwa, wauchukie."

"Umejuaje kwamba watauchukia? Huenda wanajifunza kuugua. Ubongo wa mtoto—"

"Ndugu msomi," akanikatiza, "habari za ubongo utaniletea kesho. Leo nina filimbi." Akaipuliza. Kiwanja kizima kilicheka, na wewe ulicheka, nikakuona.

Nilirudi nyumbani nimechomwa, na mtu aliyechomwa huona vizuri. Jioni zilizofuata nilikuja nikasimama pembeni, nikaacha kumtazama Kapela, nikakutazama wewe. Hukujua. Ulikuwa umekaa miongoni mwa wenzako, magoti kifuani. Zuhura alipokata utepe akicheka kwa kinywa kizima, vidole vya miguu yako vilijikunja vikakwangua vumbi, na kifua chako kikapanda na kushuka kana kwamba wewe ndiye uliyetoka kukimbia. Halafu akaja yule msichana anayelia kila mara, kachoka, kashika ubavu wa kushoto, uso umekunjamana. Na wewe, uliyekuwa umekaa tu, uliyekunywa uji wako vizuri, ambaye hakuna aliyekugusa, ukapeleka mkono kwenye ubavu wako wa kushoto.

Lilikuwa tendo dogo. Labda siku ile ningelipuuza. Lakini wiki iliyofuata Kapela alikuweka kwenye mbio za majaribio, na ulipofika kona ya mwisho, ukiwa na pumzi tele, nikauona mkono wako unateremka kwenye ubavu uleule. Ulimaliza wa mwisho. Ulipoulizwa ulisema, "Nilichomwa, Baba." Nami nilijua ulichomwa na ubavu wa mtu mwingine.

Sasa sikiliza dai langu, na unajua kwamba sidai jambo bila kulizungusha kwanza. Nimesoma vitabu vya ubongo nilivyoweza kuvipata Chuo Kikuu, vingine visivyohusu kozi yangu kabisa, na sitajifanya vilinipa jibu. Vilinipa maneno tu. Jibu nimelijenga mwenyewe, kwa hiyo ukilibomoa utakuwa umenibomoa mimi, si profesa. Nadai kwamba mtu aliyekwisha kukimbia miaka mingi ana njia zake kichwani, kama njia ya kwenda kisimani iliyokanyagwa hadi majani yakakata tamaa. Akiona uso wa mwenzake mwenye maumivu, anapata habari: yule anaumia. Anaipokea habari ile, anaendelea na safari yake. Mwanagenzi hana njia bado. Ndani ya kichwa chake ni pori tupu, na kila uso anaouona mwishoni mwa mbio unamfyekea njia. Akiona furaha, kitu ndani yake kinafanya mazoezi ya furaha. Akiona maumivu, kinafanya mazoezi ya maumivu. Kisha zamu yake ikifika, miguu inafuata njia iliyofyekwa, bila kuuliza ni nani aliyeifyeka.

Nilimpelekea Kapela dai hili. Alilisikiliza, nimpe haki yake, hadi mwisho. Akasema, "Kwa hiyo nilikuwa sahihi kuwaonyesha nyuso." Nikamwambia, "Ulikuwa sahihi nusu, na ile nusu nyingine ndiyo iliyomshika mwanangu ubavu." Hakukubali. Lakini utakumbuka kwamba baada ya hapo alianza kuwageuzia mgongo wale waliomaliza wakilia, akawapigisha nyinyi mlioketi gumzo la safari zake za zamani hadi machozi yao yakauke. Alisema alikuwa na hamu ya kusimulia tu.

Laiti ningeishia hapo. Lakini mtu akishagundua kwamba nyuso zina nguvu, huanza kuzilinda kama mali, na mimi nilianza kukulinda wewe. Nilikuonya juu ya Zuhura. Nilikuambia kicheko chake si chote cha kweli, kwamba anacheka nawe kabla ya mbio ili kukulegeza. Nilikuonya juu ya watazamaji, juu ya waamuzi, juu ya yule ofisa wa michezo mwenye miwani ambaye hutabasamu na watoto wa wakubwa. Nilidhani ninakupa kinga. Kumbe nilikuwa nimekufundisha jambo moja tu: kwamba uso unaoweza kuuamini ni wa baba yako. Tangu hapo hukuwatazama tena wale waliokata utepe. Ulinitafuta mimi.

Na hapo tunafika Bukene.

Treni ya Mwanza ilitushusha Bukene tukiwa bado na vumbi la Tabora masikioni. Zilikuwa mbio za kuchagua watakaokwenda kambini Dar es Salaam. Wewe na Zuhura mlikuwa mmekula pamoja mihogo ya kukaanga, jambo ambalo sikulipenda. Nilikwambia, "Nitasimama kwenye kona ya mwisho. Ukifika hapo, nitazame." Niliamini nakupa zawadi.

Ulitoka vizuri. Mzunguko wa kwanza uliwaacha wasichana wa Nzega nyuma, wa pili ulimpita Zuhura, na ulipokuwa unaikaribia kona nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza bila kuiharibu. Lakini wakati uleule macho yangu yalikwenda kwa mshika saa. Yule bwana alikuwa ameipeleka saa yake sikioni. Akaitikisa. Akaipeleka sikioni tena. Nikasema moyoni: saa imesimama, mtoto wangu anakimbia mbio za maisha yake na huyu atazipatia namba ya kubuni. Nikamkazia macho. Nyusi zikashuka. Na ndipo wewe ulipofika kwenye kona, ukageuza shingo, ukaupokea uso ule.

Niliona ukipokea. Mabega yako yalipanda. Hatua ikakatika, kama mtu aliyeitwa kwa jina na polisi. Zuhura akakupita, na utepe ukawa wake.

"Nini kimetokea?" nilikuuliza.

"Wewe ndiye nikuulize, Baba. Nilidhani kuna msiba."

"Msiba gani?"

"Sijui! Ulikuwa umenuna kama mtu anayesomewa hukumu."

"Nilikuwa namtazama mshika saa."

"Sasa mimi ningejuaje?" ukasema, ukaanza kulia, na mimi nikakugeuzia mgongo kama Kapela, ila sikuwa na hadithi ya safari.

Jambo ambalo hukulisikia ni hili. Ulipokwenda kunawa, Zuhura alinijia, utepe bado umemning'inia begani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hongera."

"Sitaki hongera hiyo. Mbona ulimtisha Nyamizi?"

"Nimtishe mwanangu mwenyewe?"

"Nilikuwa nyuma yake, nimeona. Alikuwa ananishinda yule. Mimi nilitaka anishinde au nimshinde, si wewe utushindie." Akavuta pua. "Baba yangu hata haji. Akija atakaa kimya anashona. Afadhali."

Binti huyu ana ulimi. 

Umechaguliwa hata hivyo, wa pili, na kesho mnaondoka wote wawili. Lakini mimi toka Bukene nimekuwa nikiuchunguza uso wangu jinsi nilivyozichunguza nyuso za wengine, na nimekumbuka kwamba haikuwa mara ya kwanza kunitoroka.

Ulikuwa mdogo wakati nilipokuwa bado mwalimu wa shule ya msingi, kabla sijaenda Chuo Kikuu. Watu wa vitongoji vya kando ya Igalula walitakiwa kuhamia kijiji kipya cha ujamaa, nami nikapewa kipaza sauti niwaeleze faida zake. Nilieleza kwa uaminifu: shule itakuwapo, zahanati itakuwapo, maji yatakuja baadaye. Nilisema wazi kabisa, baadaye. Bibi yako, ambaye wakati ule alikuwa na shamba lake huko, alikuwa wa kwanza kufunga mkeka wake na kuhama, na wengine wakamfuata. Maji yalichelewa sana. Akawa anatembea asubuhi nzima kwa ndoo moja, hadi alipochoka akarudi kwao Kwihara, anakoishi mpaka leo. Nilimuuliza, "Mama, si nilisema maji yatachelewa?" Akajibu, "Ulisema. Lakini nilikuona umejaa furaha, nikajua hayatachelewa kivile."

Furaha ile, Nyamizi, ilikuwa ya kipaza sauti. Sikuwahi kukishika kabla ya siku hiyo. Nilikuwa nafurahia sauti yangu ikienda hadi upande wa pili wa mashamba na kurudi.

Bado naamini watu kuishi pamoja ni jambo jema, na atakayenibishia aje na kiti chake. Lakini wenzetu wale hawakuhama kwa sababu ya hoja zangu. Hoja zangu walikuwa na uwezo wa kuzikataa, na zilistahili kukataliwa hapa na pale. Walihama kwa sababu ya uso, na uso hauna mahali pa kuubishia.

Jumapili iliyopita tulipokwenda kumuaga bibi yako, ulipotoka kuchuma mboga, alinisimulia tena habari za babu yangu mpagazi, aliyebeba pembe kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani. Unaijua sehemu ya pembe. Sehemu ambayo huijui ni ya kuondoka. Katika ukoo wetu kijana aliyekwenda safari ya kwanza alisindikizwa kwa nyuma. Mama, dada, mchumba, wote walitembea nyuma ya mzigo wake wakiimba hadi mwisho wa mashamba, naye alikatazwa kugeuka. Na msafara wake ulipokutana na msafara unaorudi, wale wanaorudi waligeuza nyuso zao upande wa porini hadi wanagenzi wapite. Wapagazi wa zamani waliruhusiwa kutazamana na kusalimiana wapendavyo. Katazo lilikuwa la wageni wa kazi peke yao.

Desturi hii niliiandikia insha Chuo Kikuu. Nilisema ni hila ya matajiri wa misafara: kijana asione nyuso za waliorudi, asijue ni wangapi hawakurudi, abebe mzigo wa mtu mwingine akidhani mbele kuna sherehe. Nilipata alama nzuri, na mpaka leo naona nilistahili. Jumapili nilimuuliza bibi yako kama walimficha babu au walimhurumia. Akacheka. "Mimi nijulie wapi, mwanangu? Nilizaliwa reli imeshafika. Lete mchicha."

Kwa hiyo nimelazimika kufikiri peke yangu. Na naona kwamba shaka yangu ya Chuo Kikuu na dai langu la kiwanjani vinaweza kukaa nyumba moja. Kuficha uso ni huruma, kwa sababu mwanagenzi akiuona woga wa mama yake ataubeba juu ya pembe. Kuficha uso ni hila, ikiwa aliyeuficha hasemi kilichokuwamo. Babu yangu aliimbiwa tu. Hakuambiwa kitu.

Wewe nakuambia. Kesho usoni mwangu kutakuwa na mambo haya, na mengine nitayagundua hukohuko stesheni. Kutakuwa na woga wa kawaida wa mzazi, ambao haujui chochote kuhusu kambi hiyo zaidi ya unavyojua wewe. Kutakuwa na shaka juu ya yule ofisa wa miwani, na shaka hiyo naishikilia, kwa hiyo akikupa ahadi yoyote uliza itatimizwa lini na nani. Kutakuwa na shaka juu ya Zuhura, ambayo imepungua lakini haijaisha, na ambayo ni mali yangu, wala hukuirithi. Kaeni pamoja. Kuleni mihogo. Kutakuwa na fahari pia, na hiyo ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa kuwa fahari yangu kwa mbali hufanana na hasira. Mama yako ameniambia hivyo tangu tulipooana.

Haya yote, yakiwa maneno, unaweza kuyapima. Unaweza kusema, Baba amekosea hapa, Baba ametia chumvi pale. Unaweza kuichana barua, ingawa ningependa usiichane. Lakini ukiyapata kwa kunitazama dirishani yataingia bila kubisha hodi, na utafika nayo Dar es Salaam, na siku moja kwenye kona fulani mkono wako utateremka ubavuni usijue ni ubavu wa nani.

Najua utakavyojibu. Utasema baba anajiona mkubwa mno hata uso wake usimamishe treni. Huenda. Nimelishuku hilo nami. Nimejiuliza kama dai hili lote si njia ya msomi kukwepa kulia mbele za watu. Sijapata jibu la kuniridhisha, na siwezi kukuzuilia safari hadi nilipate.

Huko kambini mtawekwa tena karibu na utepe, nyinyi wageni, mtazame wakubwa wakimaliza. Tazama. Ukiona kicheko, kiruhusu kiingie. Ukiona maumivu, muulize mwenyewe jina lake na anatoka wapi, kwa sauti, ili yabaki kuwa yake. Sina ushahidi kwamba njia hiyo inafaa. Nimeibuni jioni hii. Ijaribu unipinge kwa barua.

Na kwenye kona ya mwisho usinitafute. Sitakuwapo, na hata nikiwapo nitakuwa namtazama mshika saa. Siku moja utaacha kuwa mwanagenzi. Utaijua siku hiyo, kwa sababu utageuza shingo, utaniona nimenuna, na utasema, hiyo ni sura ya Baba tu, huku miguu yako ikiendelea na kazi yake. Siku hiyo nitasimama mbele, na uso wangu ufanye utakavyo.

Kesho, treni ikianza kuvuta, utasikia nyuma ya behewa mtu anabishana na mlinzi wa stesheni kuhusu mahali abiria wanaporuhusiwa kusindikizwa. Ndiye mimi. Ninakuimbia. Tazama mbele, mama.

Baba yako